Siku 120, 160, 200 au 240? Kupanga mwaka wa kazi kwa kontrakta wa Nairobi

Mtu aliyeajiriwa hana haja ya kuhesabu siku zake. Sheria ya Ajira ya 2007 ilishamhesabia: angalau siku moja ya mapumziko kila wiki, likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, ruhusa ya ugonjwa, na sikukuu za taifa ambazo hazimpunguzii mshahara. Kontrakta anajihesabia mwenyewe. Akiamka na homa Jumanne, hiyo Jumanne haina invoisi. Kwa hiyo akijiuliza afanye kazi siku ngapi kwa mwaka, papo hapo anajiuliza pia kuhusu bei, kodi, afya na karo.

Nawazungumzia wanaouza ujuzi wao kwa siku: waandishi wa programu, wahasibu wanaojitegemea, wafasiri, wasanifu wa michoro, washauri wa miradi ya mashirika. Makontrakta wa majengo wana kalenda yao inayotawaliwa na mvua, na hesabu za hapa haziwatoshi.

Tuanze na dari. Toa Jumamosi na Jumapili katika mwaka, unabaki na siku 261 hivi. Toa sikukuu, kuanzia Mwaka Mpya, Pasaka, Idd na Leba Dei hadi Madaraka, Mazingira, Mashujaa, Jamhuri na zile mbili za Krismasi, unabaki karibu na 250. Anayekwambia huuza siku 280 ameuza Jumamosi zake, na pengine Jumapili pia baada ya ibada.

Jambo la pili ndilo linalowapotosha wengi: siku ya kazi si lazima iwe siku ya malipo. Kusoma hadidu za rejea hadi ukurasa wa mwisho ndipo ugundue wanataka mwenye shahada ya uzamivu. Kuandaa pendekezo na bajeti. Kwenda Upper Hill kuonana na mteja ambaye bado hajaamua, kisha kurudi nyumbani saa nane kwa sababu ya foleni. Kutoa invoisi kwenye eTIMS, mfumo wa invoisi wa mamlaka ya kodi, KRA. Kumpigia mhasibu wa kampuni kuuliza hundi imefika meza ya nani. Hayo yote ni kazi na hakuna anayeyalipia. Kwa mwenye wateja zaidi ya wawili, mimi huyakadiria kuwa siku nzima kila wiki. Basi nikitaja 160 au 200 hapa chini, nahesabu siku zinazolipwa tu.

Tuchukue mtu anayetaka kuingiza shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Hivi ndivyo njia nne zinavyosimama mbele yake:

| Siku zinazolipwa | Bei ya siku (KSh) | Wastani kwa mwezi | Zinazobaki katika 250 |
|---|---|---|---|
| 120 | 20,000 | 10 | 130 |
| 160 | 15,000 | 13 na kidogo | 90 |
| 200 | 12,000 | karibu 17 | 50 |
| 240 | 10,000 | 20 | 10 |

Wengi hukimbilia safu ya bei. Mimi naona safu ya mwisho ndiyo inayoamua, kwa maana humo ndimo mtakamokaa likizo, malaria, matanga, siku ya kufungua shule, mapendekezo yasiyojibiwa na kila kitu kingine ambacho maisha ya hapa hudai bila kupiga hodi.

240: ajira isiyo na likizo

Hii haitaki maneno mengi. Siku kumi hazitoshi kutafuta kazi mpya, kwa hiyo 240 inawezekana tu ukiwa na mteja mmoja anayekupa kazi mwaka mzima. Na mteja wa namna hiyo, akikupangia saa ya kufika, akakupa kompyuta na meza na kukutaka uombe ruhusa ya kwenda hospitali, ni mwajiri anayekwepa kuitwa mwajiri. Mgogoro ukifika mahakamani, jaji huangalia uhusiano ulivyokuwa kwa vitendo, hata kama mkataba ulikuita mtoa huduma. Linganisha: mwajiriwa wa 200,000 kwa mwezi hulipwa hata kwa zile siku 30 hivi za likizo na sikukuu. Wewe unapata pesa zilezile na siku hizo hulipwi. Kama mteja anakutaka kiasi hicho, muombe ajira, au bei ipande vya kutosha kufidia unachokosa.

Ina nafasi yake mwaka wa kwanza, mtu anapotafuta jina na kazi za kuonyesha. Mwaka wa tatu ikiwa bado ni 240, kuna kitu cha kurekebisha kwenye bei.

200: ile inayopendwa na wengi

Siku 200 zinavutia kwa sababu hesabu ni nyepesi na bei haimtishi mteja. Zinabaki 50. Ukijipa 20 za kupumzika, 30 ndizo zitakazobeba mambo yote yasiyolipwa. Mwenye wateja wawili waaminifu wanaomlipa kiasi fulani kila mwezi anaweza kuishi humo vizuri.

Tatizo ni ule wastani wa 17 kwa mwezi, maana miezi ya Nairobi hailingani. Ofisi huanza kufungwa wiki moja kabla ya Krismasi, nusu ya mji iko ushago, na uamuzi wa maana haufanywi tena hadi katikati ya Januari. Njaanuari, yaani ukata wa Januari, si mzaha wa mitandaoni tu: wateja wako nao wanalipa karo. Halafu mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30, na yeyote anayefanya kazi karibu na wizara, kaunti au mashirika ya umma anajua Mei na Juni zinavyofurika, kisha Julai inavyokuwa kimya watu wakingoja bajeti mpya ianze kutoa pesa. Ukibahatika kupata siku 20 kwa Desemba na Januari pamoja, miezi kumi iliyobaki inakudai 18 kila mmoja. Mwezi wenye Pasaka, watoto nyumbani na mafua, 18 ni nyingi.

Na kuna siku zinazochukuliwa bila kuulizwa. Agosti 25, 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Aprili 2024 mafuriko yalikata barabara na kuhamisha watu makwao. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikajikokota. Juni 25 ya 2024, na tena ya 2025, kwa sababu ya maandamano katikati ya jiji hapakuwa mahali pa kukutana na mteja, na Julai 7, 2025 barabara za kuingia mjini zilizibwa tangu alfajiri. Kila moja kivyake ni siku moja au mbili. Kwa aliyebakiwa na 30 za kila kitu, zinaonekana.

160: ninayoipendekeza, na sababu zake

Hapa zinabaki 90. Mimi huzigawa hivi: 45 za kutafuta na kusimamia kazi, 25 za kupumzika, 20 za yasiyotarajiwa. Hizo 25 zinakaribiana na likizo ya kisheria ya mwajiriwa, kwa hiyo hata mtu anayejilaumu akipumzika hana cha kujilaumia.

Lakini sababu yangu kubwa ni bei, mapumziko yanafuata. Nambari unayoichagua ina kazi mbili: kupanga kalenda na kupanga bei ya siku. Nyingi ya hasara za makontrakta hutoka kwenye hiyo ya pili. Mtu aliyepanga bei kwa siku 200 akaishia kuuza 160 amepungukiwa siku 40 za 12,000, yaani 480,000, zaidi ya bajeti ya miezi miwili. Aliyepanga bei kwa 160 akaishia kuuza 190 amepata ziada ya siku 30 za 15,000, yaani 450,000. Kukosea huku na kukosea kule havina uzito sawa. Panga bei kama mtu wa 160 hata kama moyoni unatarajia 200.

Najua jibu la kwanza: mteja atakataa 15,000 wakati jirani yangu anafanya kwa 12,000. Wengine watakataa kweli. Ndiyo sababu zile siku 45 za kutafuta kazi zipo. Mwenye 50 kwa mambo yote hana muda wa kukataliwa, hukubali bei ya kwanza. Njia nyingine ni kutotaja bei ya siku kabisa. Taja bei ya kazi nzima, tarehe ya kukabidhi na awamu za malipo, na hesabu ya siku ibaki kwenye daftari lako. Mteja anayetaka ripoti kufikia Septemba 15 mara nyingi hajali ilikula siku 12 au 16.

Kwa wanaolipwa kwa dola kuna jambo la ziada. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia Agosti mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi 129 hivi, ikatulia hapo. Mwenye bei ya dola 100 kwa siku alihitaji siku 150 kufikisha 2,400,000. Baada ya hapo alihitaji 186. Hakufanya uvivu wala hakushusha bei, ila siku 36 ziliongezeka kwenye mwaka wake. Aliyekuwa amepanga 150 au 160 alikuwa na mahali pa kuziweka. Aliyekuwa tayari kwenye 220 alibaki na Jumamosi.

120: kwa nani?

Siku 120 zinaonekana kama uvivu wa matajiri, na sivyo. Kuna mama mwenye mtoto mchanga, kuna anayeandika tasnifu, kuna mwenye shamba la parachichi Murang'a linalomtaka wiki moja kila mwezi, na kuna mshauri mkongwe ambaye jina lake peke yake huuzika kwa 20,000 au zaidi.

Wengine hawakuchagua. Kanuni za Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, ambayo UNEP na UN-Habitat za Gigiri zimo ndani yake, humwekea kontrakta binafsi kikomo cha miezi sita ya kazi, au tisa kwa sababu maalumu, katika kila miezi 12 mfululizo. Ukihesabu siku 21.75 kwa mwezi, sita ni siku 130 na tisa ni 196 hivi. Kwa hiyo anayetegemea Gigiri peke yake ameshapangiwa nambari. Anachoweza kuchagua ni bei, na atakachofanya miezi mingine.

Hatari ya 120 ni kwamba huja kwa vipande vikubwa. Mikataba mitatu ya siku 40, na ukipoteza mmoja umepoteza theluthi ya mwaka. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, washauri wengi wa Nairobi waliokuwa na mwaka mzuri kwenye karatasi walijikuta hawana siku hata moja, maana mikataba yote, ingawa ya mashirika tofauti, ilitoka kwenye mfuko mmoja. Kabla ya kuchagua 120, fuatilia pesa za kila mteja hadi zinakoanzia. Zikikutana mahali pamoja, huna wateja watatu.

KRA ina maoni pia

Wanaolinganisha siku kwa mapato ghafi hudanganyika, kwa hiyo nikae hapa kidogo. Kodi ya mapato ya mtu binafsi ni asilimia 10 kwa shilingi 288,000 za kwanza kwa mwaka, 25 kwa 100,000 zinazofuata, kisha 30 hadi kufikia milioni sita. Kwa 2,400,000, kabla ya kutoa matumizi na makato yanayoruhusiwa, kodi ni 657,400. Toa nafuu binafsi ya 28,800, unabaki na 628,600. Wateja wa hapa wanaolipa ada ya kitaalamu ya kuanzia 24,000 kwa mwezi huzuia asilimia 5, jumla 120,000 wakilipa wote kwa njia hiyo. Watu huona makato hayo kwenye malipo na kudhani yameisha. Bado 508,600. Kwa bei ya 12,000 hizo ni siku 42 za kazi. Kwa 15,000 ni 34. Na mteja wa nje hazuii chochote, kwa hiyo deni lote ni lako. Kodi hiyo hulipwa kwa awamu nne, Aprili 20, Juni 20, Septemba 20 na Desemba 20, na hiyo ya Desemba huja wakati ambao tumeshaona invoisi zinavyokauka.

Sasa angalia siku za mwisho mwisho. Mapato yako yakishapita 388,000, kila shilingi inayoongezeka hukatwa 30 kwa mia. Jumamosi unayoiuza kwa 12,000 inakuachia 8,400, kabla ya tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mapato ghafi na mchango wa SHA, bima ya afya ya jamii. Siku 40 za kutoka 160 hadi 200 zinakuachia 336,000, si 480,000. Huenda bado unazitaka. Karo ni karo. Ila ziamue ukijua bei yake halisi.

Kuna kizingiti kingine kwa wenye bei ya juu. Mauzo ya huduma zinazotozwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, yakifika milioni tano ndani ya miezi 12, lazima ujisajili na kuongeza asilimia 16. Mtu wa 25,000 kwa siku hufika hapo siku ya 200 kamili. Kama wateja wako ni kampuni zilizosajiliwa, wao hudai kodi hiyo na haiwaumi sana. Kama ni watu binafsi au mashirika yasiyoweza kuidai, bei yako imepanda ghafla machoni mwao. Sisemi mtu ajifiche chini ya kizingiti. Nasema siku kumi za mwisho zinaweza kuleta kazi ya karatasi kuliko pesa, na anayezipokea aongee na mhasibu mapema.

Kuziweka kwenye kalenda

Ukishachagua, anza na mapumziko, kabla hujampa mteja tarehe yoyote. Wenye watoto hawana ujanja: likizo za shule za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka ndizo zitakazowapangia. Asiye na watoto ana nafasi nzuri Julai, mji umepoa na wateja wa serikali wanangoja bajeti. Miezi ya kukaza ni Septemba hadi Novemba. Huko mtu wa 160 anaweza kuuza 18 au 19 kwa mwezi bila kujichosha, kwa sababu anajua Desemba inakuja.

Mwaka wa uchaguzi hupangwa tofauti. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais Septemba 1 na kura ikarudiwa Oktoba 26, na kwa miezi hiyo yote mikataba mipya ilisubiri. Kwa 2027 mimi ningepanga 130 hadi 140, na hela za kuziba pengo zianze kuingia sacco mwaka mmoja kabla.

Kisha hesabu tena Juni 30. Siku hiyo ni ya mwisho ya kujaza ritani za kodi za mwaka uliopita, kwa hiyo utakuwa mbele ya makaratasi hata hivyo. Mtu wa 160 anapaswa kuwa na siku 85 hivi mfukoni, kwa kuwa Desemba haimsaidii. Akiwa chini ya 60, asikimbilie kuuza Jumamosi kwa wateja alio nao. Awapigie simu wateja wa zamani, Julai wana muda wa kuongea. Akiwa juu ya 100, mteja mpya anayefuata amtajie bei mpya, na tarehe ya kuanza iwe Septemba.